Mteja wangu ananyamaza nikimuuliza. Nibadili ukocha wangu, au nimwachie mwingine?

BARUA

Ndugu Mshauri, salamu nyingi.

Mimi ni kocha wa masuala ya kazi na maisha, huu ni mwaka wa 6. Wateja wangu wengi ni watu wazima wanaotaka kubadili kazi, kupanda cheo au kurudisha mpangilio katika siku zao. Nilifundishwa kwamba kocha hamwambii mteja la kufanya. Anauliza swali wazi, ananyamaza, anasubiri, kwa sababu jibu limo ndani ya mteja mwenyewe. Kanuni hiyo nimeishika kwa mikono miwili na haijawahi kuniangusha.

Miezi 2 iliyopita nilimpokea mwanamke wa miaka 36 anayetaka kuacha ajira na kuanza kazi yake mwenyewe ya kuhariri maandishi. Ana akili kali na kazi yake anaijua vizuri sana. Lakini vikao vyetu vimekuwa vigumu kuliko vyote nilivyowahi kuendesha. Nikimuuliza, "Ungependa maisha yako yaweje mwaka mmoja kuanzia leo?" anatazama ukutani, anabonyezabonyeza kalamu yake, na hasemi kitu. Safari moja nilihesabu karibu dakika nzima, kisha akasema, "Sijui." Nikamuuliza anahisi nini mwilini anapolifikiria jambo hilo. Akajibu, "Sihisi kitu," kwa sauti kavu, nikadhani nimemuudhi.

Kazi tunazokubaliana afanye kati ya vikao hazifanyiki. Mara 3 tumepanga awaandikie watu 2 wanaoweza kuwa wateja wake, na mara 3 amerudi mikono mitupu, kichwa chini, ananiomba radhi hata kabla hatujasalimiana. Katika vikao 6 tulivyopanga, amechelewa 2, kimoja kwa dakika 25, na kimoja alikisahau kabisa. Mkataba wangu unasema kikao kilichokosekana bila taarifa ya saa 24 kinalipiwa. Nilimlipisha, akalipa bila neno, na moyo ukanisuta. Halafu usiku, saa 5 au saa 6, ananitumia ujumbe wa sauti, wakati mwingine 7 mfululizo, umejaa mawazo mazuri ajabu ambayo kwenye kikao hakugusa hata moja.

Mwisho wa kikao cha juzi aliniambia kwamba miaka 2 iliyopita alipimwa na kuambiwa ana ADHD, hali ya ubongo inayofanya umakini na kuanza kazi kuwa vigumu, na kwamba sasa anasubiri kupimwa usonji (autism). Akaongeza, "Nilidhani nitaweza kuficha." Nilimshukuru kwa kuniamini. Baada ya hapo sikujua la kusema.

Nimesoma nilivyoweza. Naona makocha wanashauriwa watume vikumbusho, wagawe kazi vipande vidogo, watoe machaguo badala ya swali wazi, hata wakae na mteja akiwa anafanya kazi yake. Nikifanya yote hayo, bado ni kocha? Au nitakuwa katibu wake, au mzazi wake? Naogopa kumzoesha kuniegemea, kisha siku tutakapoagana ashindwe kusimama. Msimamizi wangu wa kitaaluma, ambaye namheshimu sana, ameniambia niwatendee wateja wote sawa, na kwamba mteja asiyejituma si wangu kumbeba. Mwenzangu mwingine anasema nimwachie kocha aliyesomea mambo hayo.

Kuna na la pili. Nina mteja mwingine, mwanamume, ambaye naona dalili zilezile, lakini hajawahi kutamka lolote kuhusu kupimwa. Je, nimwambie ninachoshuku?

Kikao kijacho na yule mwanamke ni baada ya siku 10. Niko njia panda.

Kocha Aliyekwama

JIBU

Ndugu yangu Kocha,

Umeandika kwa kina, hadi dakika umezihesabu, na hilo limenisaidia kuliko unavyodhani. Nikikusoma vizuri, unauliza mambo mawili yaliyoshikana. La juu ni la mbinu: vikumbusho, vipande vidogo, machaguo. La chini yake ndilo nadhani linakukosesha usingizi: ule ukimya wako wa kusubiri, ambao ndio fahari ya kazi yako, unaelekea kumuumiza mtu, na unaogopa kwamba ukiuacha hutabaki na ukocha wowote. Nianzie hapo. Ada, ujumbe wa usiku na mteja wa pili nitayafikia.

Hebu tuliweke mezani lile swali lako moja. "Ungependa maisha yako yaweje mwaka mmoja kuanzia leo?" Kwako ni swali jepesi, mlango uliofunguliwa. Sasa hesabu kazi zilizomo. Ajenge picha ya wakati ambao haujafika. "Maisha" ni kazi, fedha, afya, watu, makazi. Achague aanze na lipi, maana hujamwambia. Ayashike yote kichwani bila kuangusha moja anapookota jingine, wakati kumbukumbu hiyo ya kushikilia mambo kwa muda mfupi ndiyo hulemewa kwa watu wengi wenye ADHD. Ayapange. Ayageuze kuwa maneno. Na papo hapo asome uso wako kujua kama jibu analolitunga ndilo unalolitaka, kwa sababu mtu aliyezoea kuficha haachi kuficha kwa kuwa tu ameingia chumbani kwako. Kisha lile neno "mwaka". Wengi wenye ADHD huueleza wakati kama vitu viwili tu, sasa na si-sasa, na mwaka uko mbali sana ndani ya si-sasa.

Kwa hiyo "sijui" yake yaweza kuwa taarifa sahihi ya mzigo uliompa. Ushahidi unao mwenyewe kwenye simu yako. Majibu yamo ndani yake, kama ulivyofundishwa, ila yanatoka saa 5 usiku, wakati hakuna anayemtazama na anaweza kusema kwanza, kupanga baadaye.

Ndiyo maana ningekuomba uipime upya ile imani kwamba swali wazi halielemei upande wowote. Lina umbo lake, na umbo hilo linawafaa watu wanaofikiri kwa haraka mbele ya macho ya mwingine. Ukilibadilisha hujamnyang'anya mteja jibu lake. Unaweza kufupisha wakati: "Jumatatu ya kwanza baada ya kuacha ajira, saa 3 asubuhi, unafanya nini?" Unaweza kumpa ncha mbili: "Wateja wakubwa 2 au wadogo 10, kipi kingekuchosha upesi?" Unaweza kuanzia kwenye asichokitaka, ambacho mara nyingi huja haraka zaidi: "Katika kazi ya sasa, ni kitu gani hutaki kabisa kuhama nacho?" Ukitoa machaguo yatoe 3, na baada yake utamke waziwazi la nne: "au hakuna hata moja kati ya haya." Usipolitamka, mtu aliyezoea kuwaridhisha watu atachagua mojawapo ili mradi akupendeze, na hapo ile hofu yako ya kumwongoza itakuwa ya kweli. Akishachagua, muulize ni nini katika chaguo hilo hakijakaa vizuri. Kama hana la kusema hata hapo, usilijengee lengo lolote bado.

Ukimya wako usiutupe. Upe jina. "Sasa nitanyamaza ili ufikiri. Hakuna haraka. Ukitaka kuandika andika, na ukitaka nirudie swali inua mkono." Ukimya usioelezwa hugeuka mtihani, na mtu mwenye usonji anaweza kuzitumia sekunde hizo zote kutafuta kosa alilolifanya. Kalamu nayo iache ibonyezwe. Kwa wengi mwendo wa mikono ndio unaoshikilia umakini, na macho kuwa ukutani huenda ndiyo namna yake ya kukusikiliza vizuri zaidi, kwa kuwa kuukwepa uso wako kunampunguzia kazi moja.

Lile swali la mwilini lilikuwa na shida yake ya pekee. Kuna hali iitwayo aleksithimia, ugumu wa kuitambua hisia na kuitaja jina, na tafiti zimeikuta kwa takriban nusu ya watu wenye usonji. Mtu huyo akikwambia "sihisi kitu" huenda amekujibu kwa uaminifu mtupu. Muulize mambo yanayoonekana: "Ulipolifikiria hili wiki hii, ulifanya nini? Ulilala vipi? Ulifungua barua pepe au uliikwepa?" Hata kipimo chetu cha 1 hadi 10 kinahitaji kushikizwa chini. Kaeni pamoja mwandike kwamba 2 ni siku ambayo hakufungua kompyuta, na 8 ni siku aliyoituma kazi bila kuirudia mara 6. Bila hivyo tarakimu anayokutajia ni ya kubahatisha.

Sasa hiyo sauti kavu, ukadhani umemuudhi. Mwaka 2012 mwanasosholojia Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana kati ya watu wenye usonji na wasio nao ni kwa pande mbili: na sisi tunawasoma vibaya. Mteja wako haoni unachodokeza, na wewe unasikia hasira isiyokuwepo. Kwa hiyo uliza tu. "Sauti yako nimeisikia kama umeudhika. Ni kweli, au ndivyo ilivyo ukiwa unafikiri?" Maswali ya namna hiyo tumelelewa kuyaona ya utovu wa adabu, lakini kwa wateja wengi wa aina hii ni nafuu kubwa.

Nije kwenye kazi zisizofanyika, maana hapa ndipo neno la msimamizi wako, "asiyejituma", linaweza kufanya madhara. Mmeandika "kuwaandikia watu 2". Ndani yake mna kumchagua nani, kuitafuta anwani, kuamua umsalimu vipi mtu usiyemjua, kusema unauza nini, kutaja bei au kuinyamazia, na kubonyeza kitufe cha kutuma huku ukisubiri kukataliwa. Mtu ambaye ubongo wake hauanzi kazi kwa sababu tu kazi ni muhimu anaweza kukaa mbele ya mstari huo siku 7 akiitaka kwa moyo wote. Anayerudi akiomba radhi kabla ya salamu amejituma tayari, tena kwa kujiumiza.

Muulize: "Ukikaa kuifanya, mkono wako unagusa nini kwanza?" Jibu la swali hilo ndilo hatua ya kwanza, na hatua hiyo muifanye hapohapo kikaoni, dakika 10 za mwisho. Mwenye kufungua ukurasa na kuandika jina la mtu wa kwanza awe yeye, kwa mkono wake. Zinazofuata ziwe 2 tu zinazoonekana. Makocha wengi huharibia hapa: kwa nia njema wanaigawa kazi vipande 20, na orodha yenyewe inakuwa kazi mpya ya kukwepwa. Kisha mfunge hatua kwenye tukio badala ya siku. "Kabla ya Ijumaa" haina mahali pa kushika. "Nikishakata simu ya mkutano wa Jumanne, kabla sijasimama, nafungua rasimu" inapo. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alizichunguza kwa miaka mingi ahadi za namna hiyo, za ikiwa-basi, na zinasaidia watu wa kila aina.

Kukaa naye akifanya kazi, kwa simu au kwa video, kunaweza kufaa pia, mradi kuwe na fremu: dakika 5 za kutaja kinachofanywa, 25 za kufanya kimya, 5 za kutaja kilichotokea. Kamera yake iwashwe akipenda. Huharibika kocha anapoanza kutoa maoni katikati. Huharibika pia kocha anapokuwa mtu pekee duniani anayeweza kukaa naye, kwa hiyo tangu mara ya pili mzungumzie nani mwingine angeweza kuifanya nafasi hiyo.

Na kikao kisifunguliwe kwa "Umefanya?" Sema, "Ulipofika kwenye ile hatua, kilitokea nini?" Kama haikufanyika, kinachochunguzwa ni mpango. Hatua ilikuwa kubwa? Kikumbusho kililia akiwa njiani? Alikisikia, akakizima, akakisahau? Mjulishe mapema kwamba mfumo wowote mtakaoujenga huenda ukachoka baada ya wiki 3 au 4, kwa sababu upya wake ndio uliokuwa ukiusukuma, na wekeni tarehe ya kuubadilisha kabla haujafa. Asiposikia hilo kutoka kwako, siku utakapochoka atadhani ni yeye aliyeshindwa tena.

Kuhusu hofu yako ya kuegemewa, naiheshimu, na si hofu ya bure. Ila tenganisha kubebewa uamuzi na kubebewa kumbukumbu. Nani anachagua lengo? Nani anasema imetosha? Nani anasema njia hii haifai? Kama ni yeye, ukocha bado upo. Kipimo kimoja rahisi: ukiugua wiki 3, mpango utaendelea? Kikumbusho kinachotoka kwenye simu yako kwa kidole chako kitanyamaza. Kile alichokiweka mwenyewe kwenye kalenda yake mkiwa pamoja, kimoja siku moja kabla na kingine saa 1 kabla, kitalia bila wewe. Na niseme ninavyoona: sidhani msaada lazima uwe na tarehe ya mwisho ndipo uwe halali. Mambo mengine atayahitaji maisha yake yote, na kazi yenu itakuwa kutafuta mahali pa kudumu pa kuyaweka, nje ya vikao vyako.

Msimamizi wako anaposema watendee wote sawa, huenda anakukinga usichoke, na hilo umshukuru. Lakini Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, unahesabu kumnyima mtu marekebisho yanayofaa kuwa ni ubaguzi. Sawa, kwa maana hiyo, ni wote kuweza kuingia. Ungeweza kurudi kwake na swali lililo jembamba zaidi: "Nikibadili umbo la maswali na kazi, bila kugusa nani anaamua, ni kanuni ipi ya ukocha ninayoivunja?" Msikilize vizuri. Huenda ana jibu ambalo mimi sijaliona.

Kwenye kuchelewa na ada una njia kadhaa, na kila moja ina gharama. Ukiubakiza mkataba ulivyo, unalinda kipato chako, na yeye ataendelea kulipia jambo ambalo kulikasirikia hakulitibu. Ukiufuta kabisa utaanza kumnung'unikia kimyakimya, naye atalihisi hata kama hatalielewa. Katikati kuna kumpa kikao 1 cha akiba kila miezi 3, au kukubaliana kwamba akichelewa zaidi ya dakika 15 mnazungumza kwa simu dakika zilizobaki. Usimwongezee muda mwishoni bila kupanga: kwake ni mabadiliko ya ghafla, na wewe unamlia muda mteja anayefuata. Ungependa lipi ukiwa umechoka, si leo ukiwa umeguswa? Hilo ndilo la kuandika, na liandikwe kwa wateja wote, maana hata wasiopimwa husahau.

Ujumbe wa usiku ni hazina, lakini unahitaji mipaka, na mipaka iwe ya maneno. Kukawia kujibu ukitumaini ataelewa hakutafanya kazi. Mwambie: "Tuma saa yoyote. Nasikiliza kati ya saa 3 asubuhi na saa 11 jioni, siku za kazi, na najibu ndani ya siku 2. Nisipojibu usiku, sijakasirika." Sentensi hiyo ya mwisho usiikate. Kisha ugeuze ujumbe huo uwe mlango wa kikao: siku 2 kabla umpelekee maswali 3, ajibu kwa sauti akitaka, na asipojibu si kosa. Ukiacha kusema hivyo, umemwongezea kazi nyingine ya kukosa.

Kama usonji utathibitishwa, utakutana na mvutano ambao wengi hawautarajii. Hadi toleo la 5 la DSM, mwongozo wa Marekani wa kutambua hali za akili, lilipotoka mwaka 2013, mwongozo huo haukuruhusu mtu mmoja kupewa utambuzi wa ADHD na usonji kwa pamoja, kwa hiyo wapo watu wazima wengi waliopewa jina moja na kuishi na hali mbili. Upande mmoja unataka jambo jipya, mwingine unataka jana irudi ilivyokuwa. Kinachosaidia mara nyingi ni kuifunga fremu na kuyaacha yaliyomo yacheze: siku ileile, saa ileile, mwanzo uleule, lakini mada aichague yeye siku hiyo. Na kuwa mwangalifu na kumsukuma atoke kwenye starehe yake. Mtu anayeificha hali yake kazini siku nzima huenda hana starehe yoyote ya kutoka. Ukiona usingizi unapotea, maneno yanapungua, mambo aliyoyaweza yanamshinda, lengo la wiki hiyo huenda likawa kuondoa jambo, si kuongeza.

Je, umwachie mwingine? Ipo hoja. Kocha mwenye ujuzi huo angemwokolea muda, na wewe una haki ya kusema huwezi. Ila fikiria saa ya kusema. Amekufungulia siri kikao cha juzi. Akielekezwa kwingine kikao kinachofuata, huenda akasikia jambo moja tu, kwamba kusema ukweli kulimgharimu. Njia nyingine ni kukubaliana naye vikao 4 vya majaribio, mwisho wake muulizane mtu na mwenziwe kama inafaa, huku ukitafuta mwenye uzoefu wa kukusimamia katika mambo haya tu. Kuna yasiyo ya kujaribu: huzuni nzito, mazungumzo ya kujidhuru, kiwewe, ulevi. Hayo ni ya mtaalamu wa afya, mara moja. Na dawa za ADHD, kama anazitumia, kipimo chake ni cha aliyemwandikia. Wewe usizigusie hata kwa ushauri mwema.

Huyo mteja wa pili ningekwenda naye polepole. Dalili zilezile huletwa na kukosa usingizi, wasiwasi, msiba, hata tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, na utambuzi wa ADHD hudai dalili zilizoanza utotoni, kwa DSM-5 kabla ya miaka 12. Wewe umemwona kwa saa chache za utu uzima wake. Unachoweza kumwambia ni ulichokiona, bila jina: "Mara 4 tumepanga, mara 4 imekwama mahali palepale pa kuanza. Wewe unaonaje?" Akikuuliza moja kwa moja kama unadhani ana ADHD, mjibu kwamba huna uwezo wa kulisema hilo, na umweleze nani anao. Wakati huohuo hahitaji cheti ili umpe ajenda ya maandishi. Fomu yako ya kuwapokea wateja iulize kila mtu: unapenda maswali mapema? Kikao cha dakika 60, au 2 vya 30? Kamera? Mwanga, kelele, manukato? Ukikwama, unataka nifanye nini, na nisifanye nini?

Maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yote niliyokuandikia hapa ni ya kukisia hadi yeye aseme. Mengine yatamfaa, mengine atayaona ya kitoto. Kabla ya kubadili lolote, mwandikie. Labda hivi, kwa maneno yako:

"Nimefikiria ulichoniambia. Nadhani baadhi ya maswali yangu yana umbo linalokupa kazi ya ziada. Ningependa tujaribu mambo 3 kwa vikao 4: maswali nikutumie siku 2 kabla, hatua ya kwanza tuifanye pamoja kikaoni, na ninaponyamaza nikwambie kwa nini. Lipi libaki, lipi litoke, lipi nimelisahau? Unaweza kujibu kwa sauti, saa yoyote. Hakuna jibu la kuniridhisha."

Utume wiki hii, ukiwa bado una siku za kutosha mbele. Ukiutuma asubuhi ya kikao, atautumia muda wote akiuwaza badala ya kufika.

Wako,
Mshauri